Kichujio cha Koni Kwenye Eunos Roadster ya Mwaka 1990: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari linalozungumziwa hapa ni Eunos Roadster la mwaka 1990, jina ambalo Mazda ililitumia nchini Japani kwa gari linalojulikana kwingineko kama MX-5. Injini yake ni ya aina ya B6, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,597, na usukani uko kulia kama ulivyo katika magari mengi yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Mwenye gari ni kijana mhasibu aliyelipenda tangu akiwa shuleni. Alilileta nyumbani kwangu Kinondoni akiwa na malalamiko matatu: lilikuwa linakwama na mara nyingine kuzima kabisa linapoondoka kwenye taa, lilikuwa linakosa nguvu mchana baada ya foleni, na sailensi yake, kama mafundi wanavyouita mzunguko wa injini isiyokanyagwa, ilikuwa inapanda na kushuka bila mpangilio. Miezi miwili kabla ya hapo gereji moja ilikuwa imeng'oa boksi la ea klina, yaani boksi la kichujio cha hewa, na kufunga mahali pake kichujio cha hewa chenye umbo la koni, kisicho na boksi, ambacho kijana alikuwa amekinunua mwenyewe.

"Kabla ya hapo halikuwa na shida yoyote," aliniambia. "Na kinachonishangaza, fundi, likirudi nyuma halizimi. Linazima likienda mbele tu."

Sentensi hiyo ya mwisho iliniokolea nusu siku ya kazi, nami nitairejea. Kwanza ni lazima kueleza jinsi injini hii inavyopima hewa, kwa sababu bila kulifahamu jambo hilo mtu anaweza kubadilisha plagi, waya, pampu na hata kompyuta ya injini, na gari likabaki lilivyokuwa.

Injini ya B6 ya Roadster hupima hewa kwa kibao. Mara baada ya kichujio lipo kasha la aluminiamu, na ndani ya njia yake kimewekwa kibao kinachorudishwa na springi. Hewa inayovutwa na injini hukisukuma kibao hicho, na kadiri kinavyofunguka ndivyo volti inayopelekwa kwenye kompyuta inavyobadilika, hata kompyuta ikajua ni petroli kiasi gani inyunyizwe. Ndani ya kasha hilo hilo mna sensa ya joto la hewa, na mna pia swichi ndogo ambayo wengi hawana habari nayo: kibao kikiwa kimefunguka, hata kidogo, swichi huiruhusu pampu ya petroli iendelee kusukuma, na kikijifunga kabisa pampu hukatiwa umeme. Ni mpango wa usalama, ili injini ikisimama ghafla kwa ajali petroli isiendelee kumwagika. Kwa hiyo katika gari hili hewa inayopita kwenye kibao hutimiza kazi mbili kwa pamoja, kupimwa na kuiweka pampu hai, na hewa yoyote inayoingia kwenye injini bila kupita hapo ni hewa ambayo kompyuta haina habari nayo.

Sasa litazame boksi la awali. Watu wengi huliona kama kopo la plastiki lililowekwa na kiwanda ili kuibana injini, na wauzaji wa vichujio vya koni huwaimarisha katika dhana hiyo. Kwa kweli boksi hilo linafanya kazi nne. Linashikilia kichujio cha karatasi, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo koni inaichukua. Linabeba uzito wa kasha la kupimia hewa, ambalo limefungwa kwalo kwa bolti, huku boksi lenyewe likiwa limefungwa kwenye bodi ya gari kupitia vipande vya mpira. Linavuta hewa kutoka upande wa mbele wa chumba cha injini badala ya kuichukua pale lilipo. Na linapunguza kelele ya uvutaji. Kazi hizo tatu za mwisho, fundi aliyeling'oa boksi hakuzihamishia kwenye kitu kingine chochote, na malalamiko mawili ya kijana yalitokana na upungufu huo, kila moja kwa njia yake; lile la sailensi lilikuwa na chanzo kingine, kama tutakavyoona.

Nilipofungua boneti nilikuta koni imebanwa kwenye kipande cha bati chenye tundu la duara, bati limefungwa kwenye mdomo wa kasha la kupimia, na kasha lote pamoja na koni yake vinaning'inia kwenye mpira wa bomba linalovuka mbele ya injini kuelekea upande wa pili. Hapakuwa na kishikizo chochote. Fundi alikuwa amefunga waya mwembamba kutoka kwenye kasha hadi kwenye bolti ya jirani, labda baada ya kuona linacheza, na waya huo ulikuwa umekwisha kulegea. Mpira huo umetengenezwa ukiwa na mikunjo kama ya kinanda cha mkono ili injini iweze kutikisika bila kulivuta kasha, lakini haukutengenezwa kubeba mzigo. Mpira wenye umri wa zaidi ya miaka 30, uliokaa karibu na joto, ukitundikwa chuma kinachoruka kila gari linapopita kwenye tuta, hauna muda mrefu.

Nililegeza klampu, nikautoa mpira na kuukunja kwa vidole. Chini yake, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo, ulikuwa na mpasuko unaofuata mkunjo mmoja kwa karibu theluthi moja ya mzunguko wake. Mpira ukiwa umelala vizuri mpasuko ulijifunga na hauonekani. Ukivutwa upande mmoja ulifunguka kama mdomo.

Hapo ndipo maneno ya kijana yanapopata maana. Injini ya Roadster imelala kwa urefu wa gari, na nguvu yake huenda nyuma kwa propela shafti, yaani mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Gia ya kwanza inaposhika na gari likaanza kusukumwa mbele, injini na giaboksi hujipinda kwenye mipira inayoishikilia kwenye bodi kuelekea upande mmoja; katika gia ya kurudi nyuma propela shafti huzunguka kinyume, kwa hiyo injini nayo hujipinda kuelekea upande wa pili. Mpasuko ulikuwa unafunguliwa na mpindo wa kwenda mbele na kufungwa na ule wa kurudi nyuma. Kila mara gari lilipoondoka kwenye taa, hewa ilichungulia kupitia mpasuko, kibao kilianguka kwa sababu hewa inayokisukuma imepungua, petroli ikapungua wakati uhitaji ndio umeongezeka, na injini ikakwama. Pale ambapo mpasuko ulifunguka sana, kibao kilijifunga, swichi ikakata pampu, na gari likazima. Mwenye gari aliishaambiwa abadilishe pampu ya petroli. Nashukuru hakuwa na fedha mwezi ule.

Nilitaka pia kujua kama kulikuwa na mahali pengine hewa inapojipenyeza, na njia niitumiayo ni ya nyumbani: huwasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole kandokando ya kila kiungo injini ikiwa inanguruma taratibu. Moshi ukivutwa ndani, hapo pana tundu. Ninasisitiza kwamba jambo hili lifanywe tu baada ya kuhakikisha hakuna harufu wala unyevu wa petroli popote, kizima moto kikiwa karibu, na anayeogopa, kwa haki kabisa, atumie moshi wa mashine ya gereji. Moshi ulivutwa mahali ambapo sikutarajia: kwenye kichujio kidogo, kikubwa kuliko kidole gumba kwa kiasi tu, kilichochomekwa juu ya mfuniko wa vali, yaani mfuniko wa juu wa injini.

Kichujio hicho kidogo ni pambo linalouzwa pamoja na koni nyingi, na ni kosa ninalokutana nalo zaidi ya mengine yote. Kwa kawaida, mfuniko wa vali una mpira unaotoka upande wa ekzosi, yaani wa bomba la moshi, na kuingia kwenye bomba la hewa, baada ya kasha la kupimia. Upande wa pili wa mfuniko kuna vali ndogo ya njia moja inayounganishwa na manifoldi ya hewa, yaani bomba lenye matawi linaloigawa hewa kwa silinda. Manifoldi huvuta mvuke wa oili kupitia vali hiyo, na hewa safi ya kuchukua nafasi yake hutoka kwenye bomba, yaani ni hewa ambayo tayari imekwisha kupimwa. Fundi aliondoa mpira huo, akaliziba tundu la bomba kwa kizibo, akaweka kichujio kidogo kwenye mfuniko. Kuanzia siku hiyo injini ilikuwa inavuta hewa isiyopimwa kupitia kwenye oili yake, muda wote, na hasa ikiwa inanguruma taratibu, wakati manifoldi inavuta kwa nguvu zaidi. Sailensi isiyotulia ilitoka hapo. Anayetaka kuuona ukweli huu katika injini yoyote ya namna hii na avute kidogo kijiti cha kupimia oili injini ikiwa inawaka. Ataisikia injini ikitetereka mara moja, na atakapokirudisha itatulia.

Lalamiko lililobaki, lile la gari kuchoka mchana, lilihitaji kipima joto. Katika Roadster, boksi la hewa liko upande ule ule wa manifoldi ya ekzosi, na ukiondoa boksi, koni hubaki uchi ikivuta hewa iliyokwisha kupashwa na chuma chenye joto kali na hewa inayosukumwa na feni ya rejeta. Nilifunga kipima joto chenye waya karibu na koni, tukaenda Mwenge na kurudi saa nane mchana. Nje kulikuwa na nyuzi 32. Baada ya robo saa ya foleni, penye koni pakafika nyuzi 68. Uzito wa hewa hupungua kadiri joto lake halisi, linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sufuri, linavyoongezeka. Kwa hiyo tunagawanya 305 kwa 341, na tunapata kwamba kila lita ya hewa iliyokuwa inaingia ilibeba kama asilimia 11 pungufu ya hewa ya nje. Injini hailalamiki, kwa sababu sensa iliyomo ndani ya kasha inaiambia kompyuta kwamba hewa ni ya moto na petroli inapunguzwa kwa kiasi kinachostahili. Inadhoofika tu, kimyakimya. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mwenye gari alikuwa akiamini linakwenda kasi zaidi, kwa sababu koni iliyo wazi huunguruma kwa sauti nzito pedeli inapokanyagwa, na sikio ni shahidi mwenye upendeleo.

Je, koni ina faida yoyote basi? Swali hilo alistahili kujibiwa kwa hesabu. Injini ya lita 1.6 ya mapigo manne, ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, huvuta hewa isiyozidi lita 93 hivi kwa sekunde hata tukidhani silinda zinajaa kabisa. Kichujio safi cha karatasi cha kiwanda huipitisha hewa hiyo kwa upinzani mdogo. Kizuizi kinachoonekana zaidi katika njia hiyo ni kibao chenyewe, ambacho kwa asili yake lazima kisukumwe na hewa, na koni haikiondoi. Maoni yangu ni kwamba katika gari hili koni hununuliwa kwa ajili ya sauti na sura, na hakuna ubaya mtu kupenda sauti, mradi asilipe kwa injini yake. Nilimshauri tulirudishe boksi la awali. Alikataa kwa upole, akisema sauti ile ndiyo furaha yake asubuhi. Basi kazi ikawa kuzirudisha zile kazi tatu za boksi bila boksi lenyewe.

Tulianza na uzito. Niliweka kipande cha karatasi ngumu juu ya matundu ya bolti yaliyokuwa yakishikilia boksi kwenye bodi, nikachora umbo linalofika chini ya kasha la kupimia, kisha tukalihamishia kwenye bamba la aluminiamu la unene wa milimita 3. Tulilikata kwa msumeno wa chuma, tukapiga tupa kingo zote, tukatoboa matundu kwa keekee. Jambo la kuangaliwa sana lilikuwa mahali pa kufunga: kishikizo ni lazima kishike bodi na kamwe kisishike injini. Kasha likifungwa kwenye injini litatikiswa na mitetemo yake na sensa itapata mshtuko kila wakati; likifungwa kwenye bodi, mpira wenye mikunjo unabaki na kazi yake halali ya kunyonya mtikisiko kati ya vitu viwili. Kati ya kishikizo na bodi tuliweka vipande vya mpira vya boksi la awali, ambavyo kwa bahati kijana hakuvitupa. Kasha lilirudishwa katika mkao ule ule uliokuwapo kiwandani, kwa usawa na mwelekeo, kwa sababu kibao kina uzito na springi yake imepangwa kwa mkao huo. Kulilaza upande ili koni ipate nafasi ni kumbadilishia mpimaji mizani.

Mpira uliopasuka hatukuuziba kwa gundi. Nimewahi kuona gundi, utepe wa umeme na hata kipande cha tyubu ya baiskeli vikitumika, na vyote huachia siku ya mvua. Tulipata mwingine, mpya, baada ya kusubiri wiki tatu, na muda wote huo gari lilikaa uani. Kipande cha bati kati ya koni na kasha tulikibadilisha pia, kwa sababu tundu lake lilikuwa dogo kuliko njia ya kasha na kingo zake zilikuwa zimekwaruzwa, kisha tukaweka gasketi, kwani hapo awali hapakuwa na gasketi kabisa. Nilipopitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa kasha kilitoka na vumbi jekundu lililojipanga kama pete. Vumbi hilo lilikuwa limepita kando ya koni, kati ya bati na kasha, na sehemu yake ilikuwa imefika hadi kwenye kibao. Tulikisafisha kibao kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na kuhakikisha kinatembea bila kukwama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mpira wa mfuniko wa vali ulirudishwa mahali pake, na kichujio kidogo cha pambo nilimkabidhi kijana mkononi. Sailensi ilitulia hapo hapo, hata kabla hatujafika kwenye joto.

Ukuta wa kuzuia joto ulichukua muda mrefu kuliko vyote. Tuliutengeneza kwa bati la aluminiamu lililokunjwa kuizunguka koni upande wa injini na upande wa rejeta, ukiacha wazi upande wa mbele ambako hewa ya nje inaingia. Kingo za juu zilivishwa mpira laini unaogusa chini ya boneti boneti inapofungwa; ili kujua kama unagusa kweli tuliupaka chaki, tukafunga boneti na kufungua, tukaangalia mstari uliobaki. Palikuwa na pengo upande wa taa. Taa za Roadster hili huinuka na kulala, na mashine yake inahitaji nafasi, kwa hiyo hapo tulilazimika kukata ukuta na kuukunja upya mara mbili. Yapo mapendekezo ya kuishusha koni hadi nyuma ya bampa ili ipate hewa baridi kabisa. Kwa Dar es Salaam siyakubali. Gari hili liko chini sana, na wakati wa masika barabara nyingi za mjini hujaa maji kwa saa moja ya mvua. Koni iliyo nyuma ya bampa ikizama, injini huvuta maji, na maji hayabanwi kama hewa, hivyo kinachofuata ni kupinda kwa konrodi, yaani chuma kinachounganisha pistoni na krankishafti.

Tulirudia safari ile ile saa ile ile, siku yenye joto linalokaribiana. Kwenye foleni, penye koni palipanda hadi nyuzi 47, na gari lilipopata mwendo wa kilomita 60 kwa saa palishuka hadi nyuzi 37. Kwa hesabu ile ile ya awali, upungufu wa hewa ndani ya foleni ulikuwa chini ya asilimia 5, na barabarani ni mdogo kiasi kwamba hauna maana. Nilitegemea nafuu kubwa zaidi kwenye foleni, lakini gari likisimama hewa ya mbele nayo husimama, na hakuna ukuta unaoweza kulibadilisha hilo. Muungurumo ulipungua kidogo. Kijana aliligundua hilo kabla sijamwambia, na hakulifurahia.

Lililobaki ni matunzo. Koni hii ni ya pamba iliyopakwa oili, na yapo maonyo mengi kwamba oili hiyo huharibu kipima hewa. Onyo hilo linahusu zaidi magari yanayopima hewa kwa waya wa moto, kama Roadster yenyewe ilivyokuja kuwa ilipopewa injini ya lita 1.8, kwa sababu oili ikishika kwenye waya kipimo hupotoka. Kibao hakidhuriki kwa urahisi hivyo. Hata hivyo oili ikizidi hukusanya vumbi kwenye mhimili wake, na ikipungua pamba hupitisha vumbi laini la barabara za udongo mwekundu. Nilimwelekeza aioshe koni kwa sabuni yake, maji yakitoka ndani kwenda nje, aikaushe kivulini bila kuipuliza kwa kompresa, na aipake oili kidogo mpaka rangi ienee sawasawa. Kwa anayekwenda Bagamoyo kila Jumamosi kupitia njia za vumbi, kuisubiri ratiba iliyoandikwa kwenye kisanduku ni kuchelewa. Aangalie kwa macho kila mwezi, na kila mara apitishe kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa kasha.

Alirudi baada ya miezi minne kwa ajili ya breki. Nilifungua boneti bila kuombwa, nikashika kasha na kulitikisa: lilikuwa imara. Kitambaa kilitoka cheupe. Bolti moja ya kishikizo ilikuwa imelegea robo mzunguko, nikaikaza na kuiwekea nati ya kujifunga, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo.